Musumeno Unaozimikia Moyoni mwa Gogo

Tena mumekuja na ile ile. Mvua ikinyesha kidogo na umeme ukikatika, munakumbuka kwamba koko, muzee wenu, yuko na mudomo. "Koko, tuelezee mashini ya Cirimwami." Mashini haikuwa yangu, bwana hakuwa wangu, kaburi halikuwa langu. Mie masomo niliyaacha nikiwa bado naandika jina langu kinyumenyume, lakini wenye walisoma wanapita hapa na kravati zao shingoni na hakuna anayewasumbua. Sawa. Nitasema mara moja tu, na mutu mwenye ataogopa katikati asiniombe nimusindikize choo.

Majini ya watu wengine yanapenda giza. Hili lilikuja muchana kweupe, watu wakiwa wanachagua maharagi na kugombana juu ya bei.

Kule Ndosho, kando ya njia ya Sake, kulikuwa shantie, mahali pa kupasua mbao, ya watu wawili, Modeste na Cirimwami. Wote wawili walitoka upande wa Bukavu, walikulia mulima mumoja, wakaja Goma kwa boti wakiwa wamekalia muzigo mumoja. Goma munaijua: chini ni mawe ya volkano, ukichimba musingi unavunja mugongo, basi watu wanasimamisha nyumba za mbao. Mutu mwenye kupasua mbao hapa halali njaa. Walinunua pamoja musumeno wa moto, ule wa mashini wenye munaita tronsonezi, nusu ya huyu na nusu ya yule, na walikuwa wanakwenda kukata miti upande wa Rutshuru, halafu magogo yanakuja kupasuliwa hapa.

Kazi yao ilikuwa na sheria, na mutu asiyeijua hataelewa kitu. Porini mumoja anakata, mwingine anasafisha njia yenye muti utaangukia. Mwenye kukata akifika moyoni mwa muti, anazima mashini. Anaizima kabisa. Kimya kikiingia, anaita: "Uko wapi?" Mwenzake anajibu: "Niko kando!" Ni hapo tu anawasha tena na kumaliza. Jibu lisipokuja, muti unabaki umesimama, hata kama mvua inakuja. Walizoea vile mpaka hapa kwenye shantie, wakipasua gogo lililolala chini ambalo haliwezi kuua hata kuku, bado walikuwa wanazima katikati na kuitana, na watoto wa mutaa waliugeuza muchezo.

Halafu siku moja Cirimwami alirudi peke yake, mashini kwenye bega. Alisema walikuwa wanavuka muto, maji yalikuwa yamejaa, yakamubeba Modeste, na wakamutafuta mpaka wakachoka.

Bénita, bibi ya Modeste, hakupiga kelele. Ni mwanamuke mufupi, mweusi, mwenye macho yanayokupima kama anakukatia kanzu. Alitazama ile mashini, akamutazama Cirimwami.

"Muto gani huo unakula mutu na kuacha mashini kavu?"

"Mama Bénita, mashini nilikuwa nimeibeba mie. Yeye alikuwa mbele."

"Na wenye walikusaidia kumutafuta, waliitwa nani?"

Watu wakamunyamazisha. Walisema uchungu unamusemesha vibaya.

Kwetu, mutu akipotea na mwili usipoonekana, haachwi hivyo. Wanakata mugomba wa urefu wake, wanauvika nguo zake, wanauteremusha shimoni na kuuita kwa jina lake, ili muzimu ujue pa kulala. Basi wakachimba nyuma ya nyumba ya Bénita, vijana wakipokezana baramini, kile chuma cha kuvunjia mawe, kwenye lile jiwe jeusi, na muzee Barthélemy, baba mukubwa wa Modeste, akasimama pembeni ya shimo na kusema: "Modeste, hapa ndipo kwako." Wakafukia. Ikabaki mujane anyolewe nywele. Shangazi ya Modeste akaja na wembe.

"Rudisha wembe wako," Bénita alisema.

"Unatukana marehemu?"

"Marehemu gani? Mumenizikia ndizi. Mie nataka bwana yangu. Hata kama ni mufupa mumoja, nitaupokea. Siku hiyo mutaninyoa mpaka nyusi."

Shangazi alimuita kiburi, muzee Barthélemy akatikisa kichwa, na Bénita akabaki na nywele zake, watu wakimupita bila salamu. Kila musafiri mwenye alitoka Rutshuru au Kiwanja alimuuliza kama hakuona mwili. Kila mumoja alisema hapana.

Kilio kilipokwisha na miezi mingi kupita, Cirimwami akarudi kazini. Aliweka gogo la mukaratusi juu ya mawe, akavuta kamba. Mashini ikawaka mara ya kwanza, ikalia vizuri, ikaingia kwenye gogo, unga wa mbao ukaruka. Ilipofika katikati, ikazimika. Akavuta tena. Ikawaka, ikazimika pale pale. Akahamia upande mwingine wa gogo. Ikakata vizuri mpaka katikati, ikazimika.

Akatukana esansi, haya mafuta ya siku hizi, akatukana wauzaji wa esansi, na akaenda kumuita Gentil.

Gentil ni fundi mwenye alitoka Kiwanja akahamia hapa Ndosho, mutengenezaji wa pikipiki na mashini zote zenye moshi, mutu wa mizaha. Alichuchumaa mbele ya ile mashini kama munganga mbele ya mugonjwa.

"Mashini ikiwaka halafu ikazimika, papa Ciri, ni njaa ama ni pumzi. Mafuta hayafiki ama hewa haipiti. Shida ya tatu haiko."

Akamwaga mafuta ya zamani, akatia mapya yenye amechanganya mwenyewe. Akalegeza kifuniko cha tanki, maana kile kitundu kidogo cha kifuniko kikiziba, tanki linajinyonga lenyewe. Akatoa filtri ya mafuta kwa waya, akaosha filtri ya hewa. Akasugua bujia, ile inayotoa cheche. Akachoma masizi kwenye bomba la moshi. Mwisho akafungua karbirateri na kupuliza tundu zake zote mpaka mashavu yakamuuma, akarudisha kila kitu, akageuza kiskuru kidogo kwa huku na kidogo kwa kule. Mashini ikiwa peke yake chini ililia kama mutoto mwenye ameshiba. Ikaingia kwenye gogo. Katikati, ikazimika.

Gentil akakuna kichwa.

"Papa Ciri, hii mashini ni muzima kuliko weye."

Akaweka mukono kwenye bomba la moshi, akasahau kwamba litamuunguza. Halikumuunguza. Mashini ilikuwa imetoka kulia sasa hivi, na bomba lake lilikuwa baridi kama jiwe la chini ya ziwa. Gentil akatoa mukono taratibu, akautazama, akaupangusa kwenye suruali. Halafu akaokota unga wa mbao. Gogo lilikuwa la mukaratusi mukavu, lakini unga ulikuwa mubichi, unanuka majani yaliyooza na ukungu wa pori la juu, na ndani yake kulikuwa vipande vya ile nyasi laini ya kijani inayoshika miti mahali jua halifiki. Ndosho hakuna nyasi hiyo.

"Hili gogo mulilitoa wapi?" akauliza, na sasa alikuwa anasema chini chini.

"Gogo ni gogo," Cirimwami akajibu. "Washa."

Wakawasha tena, na ni siku hiyo mutaa ulianza kusikia kimya. Munacheka? Kimya kinasikika. Mashini ilipozimika, kuku waliacha kuparua, mama mwenye alikuwa anatwanga majani ya sombe akabaki na mutwangio juu, pikipiki za barabarani zikawa kama zimefunikwa na blanketi, na ndani ya kile kimya kulikuwa kitu kinachovuta pumzi, polepole, kwa shida, kama mutu mwenye amebebeshwa gunia la makala ya kuwasha moto na hakuna wa kumutua. Halafu kuku mumoja akapiga kelele na kila kitu kikarudi.

Gentil alikuwa anamutazama Cirimwami.

"Papa Ciri, niulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Mashini ikilia, hauzibi masikio. Juu ya nini unayaziba ikizimika?"

Vidole vya Cirimwami vilikuwa bado ndani ya masikio.

Habari ikakimbia. Ni jini, watu walisema. Wengine jini la muto, wengine jini alilonunua mwenyewe atajirike. Cirimwami akapeleka mashini kwenye chumba cha sala. Mutumishi wa Mungu pale, mutu mwenye sauti ya kubomoa ukuta, akaiweka mbele, akaizungukia, akaliamuru jini liseme jina lake. Kamba ikajivuta. Hakuna mukono ulioigusa. Ilijivuta, mashini ikawaka, ikalia kidogo, ikazimika, na kwenye kimya chake watu wote wa ile sala wakasikia ile pumzi. Mutumishi alitoka kwa dirisha. Dirisha lilikuwa dogo na yeye si mudogo, lakini alitoka.

Sasa Cirimwami akafunga mashini kwenye gunia pamoja na mawe, akaanza kushuka ziwani kuitupa. Bénita alimukuta njiani, akashika gunia.

"Unapeleka wapi mali ya bwana yangu?"

"Mama Bénita, acha. Hiki kitu kimeingiliwa."

"Nusu ni ya Modeste. Tupa nusu yako, yangu uniachie."

"Litakuua."

"Liniue. Nimeshanyimwa bwana, nimenyimwa salamu, imebaki nini?"

Akalitwaa gunia, akaliweka kwenye kichwa na mawe yake yote, akaenda nalo nyumbani. Akaiweka mashini ndani, karibu na kitanda, na akalala. Mie ningelala kwa jirani.

Asubuhi akamuita Gentil.

"Nielezee vizuri. Inazimika wakati gani?"

"Mama, inazimika tu."

"Apana. Wakati gani?"

Gentil akafikiri. "Ikifika moyoni mwa gogo. Haijazimika hata siku moja kabla ya hapo, na haijavuka hapo."

Bénita akakaa kwenye kiti. Alikuwa bibi ya mupasuaji wa mbao tangu ujana wake. Wito ule aliusikia kila siku akiwa anapika. Akasema polepole, kama mutu anayeogopa kuamusha mutoto:

"Gentil, hii mashini haigonjwi. Inazimika pale yenye ilipaswa kuzimwa. Inangoja waitane."

"Nani aitane na nani?"

"Kamuite Cirimwami. Kamuite na muzee Barthélemy. Na mutu mwingine yeyote mwenye anataka kusikia, aje."

Saa sita za muchana shantie ilikuwa imejaa. Annonciata, bibi ya Cirimwami, alisimama nyuma ya bwana yake akikamata shati lake. Cirimwami alitaka kurudi nyumbani, lakini watu walikuwa wamefunga njia, na Bénita alikuwa amemunyooshea mashini kwa mikono miwili.

"Pasua," akasema.

Akapasua. Mustari wake kwenye gogo ulikwenda kombo. Mashini ikafika moyoni, ikazimika, na kimya kikaanguka juu ya Ndosho nzima, na ile baridi ikaanza kutoka kwenye gogo na kupita chini ya nguo za watu, na harufu ya pori ikapanda mpaka mama mumoja akafunika pua ya mutoto wake na leso, na pumzi ile ya shida ikavutwa mara moja, ikavutwa tena, ikakusanya nguvu mahali pasipoonekana, chini, chini sana, halafu ikatoka ikiwa sauti ya mutu, sauti yenye kila mumoja pale aliijua kwa sababu ilikuwa imewasalimia kila asubuhi miaka yote:

"Cirimwamiii!"

Watu wakainama kama wamepigiwa risasi. Muzee Barthélemy akanyoosha mikono.

"Mutu asijibu," akanong'ona. "Ukijibu sauti yenye hauoni, inakuchukua. Mutu asijibu!"

Cirimwami alikuwa anavuta kamba. Alivuta kama mutu anayechota maji kuzima nyumba inayoungua, mashini ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika, na kila ikizimika sauti ilikuwa imesogea karibu zaidi, na kila ikisogea yeye alivuta kamba kwa nguvu zaidi, mpaka kamba ikamukata kiganja na damu ikaanza kuteremuka kwenye mukono, na bado alikuwa anavuta. Bénita akamushika ule mukono.

"Acha kuvuta. Muite."

"Siwezi."

"Mwenye kukata ndiye anaita. Ni sheria yenu. Muite!"

"Mama Bénita, muzee amekataza, jini hili litatumaliza sote…"

"Jini gani linalojua sheria ya kazi? Muite, ama nitakukalisha hapa mpaka nywele zako ziote majani."

Akafungua mudomo. Sauti ilitoka ndogo, ya mutoto mwenye amevunja chungu.

"Mo… Modeste. Uko wapi?"

Jibu la siku zote mulilisikia: Niko kando. Watoto wa mutaa wangelijibu wakiwa usingizini. Lakini jibu lililokuja, lilikuja kutoka chini ya gogo, chini ya mawe, likasema pole pole, bila hasira:

"Niko chini."

Annonciata akaachia shati la bwana yake.

Bénita hakulia. "Chini," akasema. "Wewe uliniambia maji yalimubeba. Mutu mwenye amebebwa na maji hayuko chini. Yuko chini ya nini, Cirimwami?"

Na pale, mbele ya watu wote, Cirimwami akaweka mashini chini.

"Hatukufika mutoni," akasema. "Tulikuwa juu ya Rumangabo, upande wenye wanakataza kukata. Ile mashini ikishapata moto ilikuwa inasumbua kuwaka tena. Nilifika moyoni mwa muti. Nikasema, nikizima hapa nitavuta kamba mpaka jioni na walinzi wa pori watatukuta. Sikuzima. Sikuita."

"Halafu?"

"Muti ukaanguka. Yeye alikuwa bado anapita."

"Alikufa pale pale?"

Akapangusa damu ya kiganja kwenye suruali.

"Nimekuuliza."

"Apana. Muti ulimukamata miguu. Alikuwa ananiita. Nikaona watasema nimemuua, nikaona gereza, nikaona watoto wangu…"

"Mashini ilikuwa na mafuta?"

"Ilikuwa nayo."

"Ungeweza kuukata ule muti."

"Ningeweza."

"Ulifanya nini na mashini?"

Akasema akitazama chini. "Niliiwasha. Nikaiweka kwenye majani, nikaiacha ilie. Nisimusikie. Ilipomaliza mafuta, yeye pia alikuwa amenyamaza."

Hakuna mutu aliyemupiga. Ingekuwa afadhali kwake wangemupiga.

Kesho yake walipanda: Bénita, muzee Barthélemy, Gentil na Cirimwami mwenyewe mbele, mashini kwenye bega kama siku ile. Njiani waliwaeleza walinzi wanakwenda kuchukua marehemu, na walinzi, wenye wana marehemu wao, waliwaachia njia. Muti walioukuta ulikuwa mukubwa kama nyumba, umelala kwenye majani marefu, umeshaota ile nyasi laini ya kijani mwili muzima. Ndege walikuwa wanalia kila mahali, isipokuwa pale.

"Kata," Bénita akasema. "Na mara hii kwa sheria."

Akawasha. Mashini ikaingia, ikafika moyoni, na haikuzimika. Ilingoja mukono wake. Gentil aliniapia hivyo: ilibaki inalia pale pale, haiendi mbele, hairudi nyuma, mpaka Cirimwami alipoizima yeye mwenyewe. Kimya kikaingia. Akaita, na machozi yakimwingia mudomoni:

"Modeste! Uko wapi?"

Wakangoja. Majani yakatikisika bila upepo. Halafu karibu sana na sikio la Bénita, mahali pasipo mutu, sauti ikajibu kama zamani:

"Niko kando."

Bénita hakugeuka. Akasema tu, "Maliza," na Cirimwami akawasha, na mashini ikakata ule muti mpaka mwisho bila kukohoa hata kidogo.

Mifupa ilikuwepo yote. Bénita aliitoa kwa mikono yake, mumoja mumoja, akaiweka kwenye kitenge, na akaukuta mushipi wenye alikuwa ameushona mwenyewe kwa uzi wa buluu. "Ni yeye," akasema. "Leo nimemuona." Akaufunga ule muzigo kwenye mugongo wa Cirimwami, kama mutoto, na akakataa upandishwe gari. Cirimwami aliubeba kwa miguu mpaka Goma, na yule mwanamuke nyuma yake hatua kwa hatua.

Sasa munafikiri imekwisha. Walipochimbua lile shimo nyuma ya nyumba ili Modeste alale kwake, wale vijana waliruka nje. Nguo zilikuwa zimeoza na kuwa matope, lakini mugomba ulikuwa mubichi. Ulikuwa wa kijani, unatoka maji, na walipounyanyua ulikuwa na uzito wa mwanaume. Wakauweka pembeni, wakamuteremusha Modeste, wakamuita, wakafukia. Bénita akaketi kwenye jiwe, akainamisha kichwa mbele ya shangazi na wembe wake. Nywele zilipokuwa zinaanguka, mugomba ukaanza kuvuta pumzi.

Kila mutu aliona. Magamba yake yalipanda, yakashuka.

"Huu ulishaitwa mutu," muzee Barthélemy akanong'ona. "Modeste ametwaa jina lake. Huu umebaki bila jina, na hautarudi kuwa ndizi. Lazima upewe jina la kulala nalo, ama utaingia nyumba kwa nyumba kulitafuta."

Annonciata akapiga magoti mbele ya Bénita. "Mama, dada yangu, tutatoa ng'ombe. Ndugu zangu wako nao. Tutatoa wawili."

"Ng'ombe nitamufanyia nini?" Kichwa cha Bénita kilikuwa kimenyolewa nusu, na hata hivyo hakuna aliyethubutu kucheka. "Modeste hakuita ng'ombe akakosa jibu. Alikuwa anaita jina la mutu. Lile jina alilokuwa anaita, ndilo nataka."

"Mama Bénita," Cirimwami akasema, "jina ni kitu kimoja tu nimebaki nacho."

"Hata yeye alibaki nalo hilo hilo, pale chini ya muti."

Walimupa baramini, akachimba shimo mwenyewe pale pale kando, kwenye jiwe la volkano, mikono ikiwa bado na kidonda cha kamba. Walimuvua koti lake la kazi na kuuvika mugomba. Wakauteremusha. Muzee Barthélemy akasimama pembeni na kusema: "Cirimwami, hapa ndipo kwako." Yule mutu, kwa mazoea ya mutu kuitwa, akafungua mudomo aseme naam. Hakuna kilichotoka kwake. Naam ilitoka shimoni.

Wakafukia haraka.

Mashini ilibaki kwa Bénita, na Gentil ndiye anaiendesha. Wanapasua mbao mpaka leo, na katikati ya kila gogo anaizima na kumuita mwenzake. Annonciata alinyoa nywele jioni ile ile, na watoto wake wakavaa nguo za kilio. Wanaishi nyumba moja na baba yao, wanamuwekea chakula kwenye meza, lakini hakuna anayemuita kwa jina, kwa sababu aliyejaribu alisikia likiitikiwa kutoka nyuma ya nyumba ya Bénita. Kanisani wakisoma majina ya marehemu, jina lake linasomwa, na yeye yuko pale amekaa. Amezeeka, anakohoa vibaya siku hizi. Na siku atakayokufa kwa kweli hatutajua tumupeleke wapi, kwa sababu kaburi lake limeshajaa.